Silinda ya Nne

Kwa miaka kumi na minane binti alifungua injini za watu na kuzifunga, na bado mteja akifika getini alimwuliza, "Fundi yupo?" Naye alijifuta mikono kwa tambara, akajibu kwamba yupo, akaenda kumwita baba yake.

Baba yake aliitwa Sikio. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Sikio hakumsumbua mwenye gari kwa maswali. Alichukua bisibisi ndefu, akasimamisha ncha yake juu ya injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, kisha akafumba macho kama mtu anayenong'onezwa siri. Akiyafumbua alisema: vali ya pili imelegea. Ukifungua, unakuta ni ya pili kweli. Kwa hiyo binti naye akawa Binti Sikio. Alianza kuitwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita, mwaka alioingia gereji kuosha vyuma katika karai la mafuta ya taa. Sasa alikuwa na thelathini na minne, na jina halikuwa limekua pamoja naye. Katikati hapo aliolewa, akaachika. Mume alisema amechoka kulala na harufu ya petroli; yeye akamjibu kwamba petroli ilimtangulia mume. Jumatatu iliyofuata alirudi gereji kama mtu aliyetoka likizo.

Gereji lilikuwa banda la mabati lenye nafasi ya magari mawili, limebanwa kati ya duka la rangi na karakana ya seremala. Shimo la kuingilia chini ya magari lilifunikwa kwa mbao tano nene. Ukutani spana zilining'inia kwa kufuata ukubwa, kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeupe, ili isiyorudi ijulikane. Nyuma ya banda kulikuwa na chumba chenye kitanda, meza na redio, ambamo Sikio aliishi tangu mkewe alipofariki.

Humo ndani sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: injini moja, mkono mmoja. Aliyeifungua ndiye atakayeifunga, na mwingine haigusi wala haulizi, labda aombwe. Ya pili: hakuna kuandika. Fundi hukumbuka kila boliti aliyoilegeza na kila tone alilolimimina. Anayeandika ni karani. Sikio alipenda kulisema neno hilo mbele ya mdogo wake, kwa sababu mdogo wake alikuwa karani kweli, miaka thelathini katika ofisi ya posta, na alistaafu akiwa na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Karani alicheka kila mara. Kwa miaka arobaini kichwa cha Sikio kilikuwa daftari lisilochanika ukurasa.

Kisha kurasa zikaanza kuchomoka, moja moja, bila kelele. Binti aliona mwanzo wake na akajifanya hakuona. Siku moja baba yake alimwagiza spana namba kumi na nne huku ameishika mkononi. Siku nyingine alisafisha kabureta asubuhi, akaifunga vizuri, na mchana akaifungua tena na kuisafisha, akilalamika kwamba watu siku hizi wanaweka petroli chafu. Binti alisema moyoni kwamba uzee ni safari, na kila msafiri huangusha kitu njiani. Lakini ikaja siku ambayo teksi ya mteja ilitoka gerejini na nati za gurudumu la mbele, alizozifunga baba yake, zikiwa zimekazwa kwa vidole tu. Aliliona gurudumu likitikisika kabla teksi haijafika barabarani. Alikimbia, akaisimamisha, akamwambia dereva kwamba amesahau kukagua upepo, akachuchumaa na kukaza nati kwa spana.

Seremala wa jirani alimwona. Na kinywa cha seremala kilikuwa kama randa yake, hakikupita mahali bila kuacha maranda.

Hazikupita siku mbili baba mdogo alimwita nyumbani kwake. Alimketisha kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, akasubiri mkewe aondoe vikombe vya chai, ndipo akasema. Alisema nusu ya kiwanja kile ni yake kwa urithi, lakini halikuwa suala la kiwanja. Kaka yake amechoka. Breki si jambo la kubahatisha. Siku moja watu watakufa, na Sikio mwenyewe, akijua kwamba ni yeye, atakufa pia. Basi aje akae hapa, kuna chumba, kuna bustani ndogo. Gereji libaki kwa binti.

"Utakuwa fundi mwenyewe," alisema. "Si ndicho unachokitaka, mwanangu?"

Binti Sikio alitazama mikono yake juu ya kile kitambaa cheupe na kuona aibu, kwa sababu ndicho alichokuwa akikitaka kwa miaka kumi na minane. Hakukitaka kwa bei hiyo. Alijua baba yake akiondolewa katika lile banda hatakuwa mzee aliyestaafu. Atakuwa bisibisi iliyotiwa kwenye kabati la vijiko. Akaomba injini moja. Kulikuwa na gari la zamani lililokuwa njiani kuletwa, kazi ngumu kuliko zote za mwaka ule. Ikiwa baba ataliamsha kwa mkono wake, aachwe. Breki na magurudumu atayakagua yeye mwenyewe, kila gari, bila mzee kujua.

"Na akishindwa?"

"Mkono wake ukishindwa, aweke spana chini siku hiyohiyo. Nitamleta mimi."

Baba mdogo alifikiri, akanyoosha mkono, wakapeana. Sikio hakuambiwa.

Gari lililetwa juu ya lori la mgongo bapa. Lilikuwa la milango miwili, rangi ya krimu, na taa za mbele za mviringo zilizofanya uso wake uonekane umeshangaa. Mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Alisema aliliendesha usiku na mchana kwenda kuzalisha wanawake, hadi mumewe alipofariki. Tangu hapo lilikaa bandani kwake miaka kumi na tisa, kwa sababu mumewe ndiye aliyekuwa akilipasha moto asubuhi na yeye hakutaka kusikia mtu mwingine akilipasha. Sasa nyumba imeuzwa, na mwisho wa mwezi anahamia kwa mwanawe. Alitaka gari limfikishe huko kwa nguvu zake lenyewe. "Sitaki libebwe tena kama maiti," alisema, akalipigapiga paa. Sikio alimjibu kwamba ameelewa.

Na kweli alielewa. Siku zile Binti Sikio alimpata tena baba yake wa zamani. Mgonjwa aliyelala muda mrefu, mzee alisema, haamshwi kwa kuvutwa mkono. Kabla ya kufikiria betri walimwaga petroli ya kale iliyokuwa tangini, nyeusi, inayonuka kama vanishi. Walitoa kiota cha panya kwenye chujio la hewa. Walifungua plagi zote nne, na kupitia kila tundu Sikio akamulika tochi na kuchungulia kwa jicho moja. Silinda tatu zilikuwa na kutu kidogo tu. Ya nne, ile ya nyuma kabisa karibu na kiti cha dereva, iliingiwa na maji zamani, na pistoni yake ilikuwa imeshikana na ukuta kama iliyochomelewa.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Huweka spana ndefu na kuvunja. Sikio alichukua kikombe chake cha bati, akakijaza oili nyepesi, akaimimina taratibu kupitia tundu la plagi hadi ikasimama juu ya pistoni, akaiacha inywe. Kila asubuhi kabla binti hajafika, yeye akiwa ametoka tu chumbani, mzee alifungua plagi ya nne, akamimina kikombe kimoja, akairudisha plagi ili vumbi lisiingie. Kisha akajaribu kuzungusha kwa spana iliyoshika boliti ya mbele ya injini, kwa nguvu ya kufungulia chupa, si zaidi. Ikikataa, aliiacha hadi kesho. Binti hakumsaidia wala hakuuliza. Injini moja, mkono mmoja.

Seremala alipitisha kichwa juu ya ukuta kila siku. "Binti Sikio, mnafufua au mnazika?"

"Tunachonga jeneza lako. Tumekosa mbao fupi," alimjibu.

Siku ya sita baba alimwita. Alikuwa ameinama mbele ya gari na spana mkononi, shingo imekakamaa. Alimwambia asogee, anyamaze. Akavuta kidogo. Kilisikika kitu kidogo mno, kama mtu anayebandua karatasi iliyoloa kwenye kioo, na boliti ikasogea upana wa ukucha.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Alikuwa amesikia kweli. Walikaa kwenye ubao wa shimo wakacheka kama watoto walioiba sukari, naye akamtazama mzee aliyejaa mafuta hadi kwenye nyusi na kusema moyoni kwamba baba mdogo amekosea, watu wote wamekosea, na labda hata yeye aliona vibaya siku ile ya teksi.

Kazi iliyobaki ilikwenda kama maji mteremkoni. Walibadilisha oili ya injini na chujio lake, wakaweka mipira mipya ya maji. Sikio alisafisha kabureta, mara moja tu. Walipokuwa tayari, aliagiza plagi zote zitolewe na injini izungushwe kwa stata bila moto, ili oili ipande kila mahali na ile iliyomiminwa juu ya pistoni iruke nje. Iliruka kweli, kupitia matundu manne, ikachora mstari kwenye ovaroli ya binti kuanzia begani hadi kiunoni. Silinda zikawa tupu na safi. Binti akapima oili ya injini kwa kijiti chake: imefika alama. Mzee akafunga plagi kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mkunga aliambiwa aje kesho.

Jumamosi Binti Sikio alifika saa mbili kasoro akakuta watu wamemtangulia. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, gazeti limekunjwa gotini. Mkunga alikuwa amevaa gauni la kutokea na viatu vya kuendeshea, vyenye soli nyembamba. Seremala alikuja na kikombe chake cha chai. Na baba yake alikuwa amesimama kando ya gari, boneti iko wazi, anafuta mdomo wa kopo la oili kwa tambara. Kikombe cha bati kilikuwa juu ya madigadi ya gari, mbele ya kioo.

Binti Sikio alisimama.

Oili ya injini ilikuwa imefika alama jana. Hakukuwa na mahali popote katika gari lile palipohitaji oili asubuhi ile. Labda mzee amepakua kidogo kulainisha bawaba za mlango. Labda amelifuta tu kopo, kwa kuwa ni mtu msafi na wageni wapo. Swali lilikuwa fupi, maneno manne: baba, umemimina oili wapi? Lakini baba mdogo alikuwa hatua tatu kutoka pale. Kumwuliza mzee mbele yake kungekuwa sawa na kumkabidhi. Na kama hakumimina popote, angekuwa amemvunjia heshima bure, siku ya injini yake, mbele ya mteja. Hajawahi kumwuliza fundi yule amefanya nini tangu azaliwe.

Baba aligeuka akamwona. Uso wake ulikuwa na furaha tupu. "Umechelewa, mama. Kaa nyuma ya usukani, nikusikilizie."

Akakaa nyuma ya usukani.

Kwa kuwa tangi lilikuwa bado halijaaminika, petroli ililetwa kwa mpira mwembamba kutoka kopo lililoning'inizwa kwenye boneti. Sikio alisukuma mafuta kwenye kabureta kwa kidole, akainua bisibisi yake, akaitia sikioni, akaashiria kwa kichwa: washa. Binti alizungusha ufunguo. Injini ikajivuta nusu mzunguko, ikakohoa mara moja, ikakohoa ya pili kwa nguvu zaidi, moshi wa buluu ukatoka nyuma. Mkunga aliweka kiganja kifuani. Kisha kikaja kishindo.

Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama nyundo iliyopigwa mara moja chini ya ardhi. Gari likatikisika, likanyamaza. Binti alizungusha ufunguo tena bila kufikiri, stata ikapiga kelele kavu bila kusogeza kitu.

"Acha," alisema Sikio.

Alikuwa ameondoa bisibisi sikioni, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alichukua spana ya plagi na kuifungua ya kwanza: kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu ilinuka petroli, kama inavyotakiwa. Ya nne ilitoka ikidondosha oili, oili mpya, safi, rangi ya asali, na nyingine ikachuruzika ubavuni mwa injini. Alitia kidole tunduni, akakitoa, akakitazama muda mrefu. Chini ya pistoni ile kuna mkono wa chuma unaoishika na kuisukuma, konrodi. Huo sasa ulikuwa umepinda, na injini ile haitawaka tena mwezi huu wala ujao.

"Nani amemwaga oili humu?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole. Alimtazama seremala, akamtazama mdogo wake, akamtazama mkunga, mwisho akachungulia kando ya boneti, akamtazama binti yake kupitia kioo cha mbele. Kikombe cha bati kilikuwa baina yao. Katika macho yake hapakuwa na hila wala woga. Alikuwa akiuliza kwa sababu hajui.

Baba mdogo alilikunja gazeti mara nyingine, likawa dogo kama bahasha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri, na ungemtazama vizuri ungeona kwamba hakupenda anachokisubiri. Binti Sikio alijua kwamba sentensi moja ingemaliza yote. Ingempa lango, spana zote na vivuli vyake, na jina la fundi. Na ingekuwa kweli tupu. Alijua pia macho yale yangebadilika vipi yakishaisikia.

Alifungua mlango wa gari, akatoka.

"Mimi, baba."

"Wewe?"

"Jana jioni, ulipokwenda kunawa. Nilidhani ile ya nne bado inahitaji. Nikamimina, nikafunga plagi."

Sikio alikifuta kile kidole kwa tambara. Kisha akamfundisha, pale pale mbele ya watu, kwa utaratibu, na hakuwahi kumfundisha vizuri kuliko siku ile. Alimwambia kwamba hewa hubanika na oili haibaniki. Pistoni ikipanda ikakuta hewa, huikamua; ikikuta oili, imekuta ukuta wa mawe, na kwa kuwa wenzake watatu wameshaanza kukimbia, wanaisukuma kwenye ukuta huo hadi kitu kivunjike. Alionyesha kwa ngumi na kiganja. Alimwuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa.

"Miaka kumi na minane," alisema mzee, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. "Umetia mkono kwenye injini ya mwenzio, na hukusema. Weka spana. Rudi kwenye karai."

Binti alichomoa spana mbili zilizokuwa katika mfuko wa nyuma wa ovaroli yake, akazitundika ukutani, kila moja mahali pake.

Mkunga ndiye aliyefuata kusema. Alisema amesikia sauti nyingi za mwanzo katika kazi yake, na hii alijua tangu kikohozi cha pili kwamba si ya kuzaliwa. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama kuna dawa kabla ya mwisho wa mwezi, na Sikio alipomwambia ukweli, aliitikia kwa kichwa, akaingia garini upande wa dereva, akakaa kama dakika tano na mikono juu ya usukani. Kisha akavua vile viatu vyembamba, akavitia mkobani, akavaa ndala. Wiki iliyofuata lori la mgongo bapa lilikuja kulichukua gari, likalipeleka kwa mtu aliyetaka milango na taa tu. Lilibebwa kama alivyokuwa amekataa libebwe.

Siku ile ya Jumamosi baba mdogo alimfuata binti hadi kwenye bomba, nyuma ya banda.

"Nimefika hapa saa moja," alisema chini chini. "Nimemwona na kikombe. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

Binti Sikio aliendelea kunawa. "Umemwona nani?"

"Mwanangu."

"Tulipatana, baba mdogo. Mkono wake haukushindwa. Umeshindwa wangu, na mji wote umesikia."

"Na breki?"

"Nitazikagua, kama nilivyosema."

"Ukiwa kwenye karai?"

"Nikiwa kwenye karai."

Baba mdogo alitoa kalamu moja mfukoni, akaitazama kama aliyesahau inafanya kazi gani, akairudisha. "Umejinyang'anya mwenyewe," alisema. "Sijui hata niandike wapi." Akaondoka, na tangu siku hiyo hakufungua tena suala lile, kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake.

Usiku, peke yake chumbani kwake, Binti Sikio alitafuta mahali uongo wake ulipoanzia na mahali unapoishia, akashindwa. Ni yeye aliyeona kopo. Ni yeye aliyejua kwamba oili haina pa kwenda asubuhi ile, na ni mkono wake uliozungusha ufunguo. Alikuwa ametaka kumficha baba yake machoni pa baba mdogo, na kwa kumficha akaiua injini ya mkunga. Alipotamka "mimi" hakuwa amesema uongo wote.

Seremala alifanya kazi yake. Kabla ya Jumatatu mtaa wote ulijua kwamba Binti Sikio ameua injini kwa kujifanya anajua. Wateja waliendelea kuja, na sasa hawakuuliza tu kama fundi yupo, waliongeza, kwa sauti ya kunong'ona isiyojificha, "Lakini yule asiguse." Dereva wa teksi, yule yule, alisema hivyo akiwa amesimama kando ya gurudumu ambalo binti alilikaza siku ile. Binti aliinama juu ya karai akasugua vyuma. Mafuta ya taa yalimpasua ngozi kati ya vidole kama alipokuwa na miaka kumi na sita. Kila mchana baba yake alipokwenda chumbani kula na kusinzia, alinyanyuka, akachukua spana, akalizunguka kila gari lililokuwa tayari kutoka: nati za magurudumu, bomba za breki, usukani. Mara nyingi hakukuta kosa. Mara mbili alikuta. Alirekebisha, akarudisha spana kwenye kivuli chake, akarudi karaini.

Hazikupita wiki mbili Sikio akasahau adhabu. Alimwita kutoka kwenye karai na kumwuliza kwa nini anaosha vyuma kama mwanafunzi, kuna kabureta inamsubiri. Kosa lenyewe likamtoka kichwani, na gari la krimu, na mkunga. Watu wengine wote walikumbuka.

Kabla gari halijachukuliwa mzee alikuwa ameifungua injini na kuutoa ule mkono wa chuma uliopinda, akitumaini kupata mwenziwe mahali. Ulibaki juu ya meza ya kazi, kati ya makopo ya misumari. Asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, aliuokota, akaulaza kiganjani, akaupitishia kidole kwenye ule mpindo.

"Kazi mbaya hii," alisema. "Nani aliyeupinda?"

Binti Sikio alikuwa anakaza plagi za pikipiki. Hakusimama. "Mimi, baba. Niliacha oili kwenye silinda."

Mzee alimjia karibu. Safari hii hakukasirika. Alikuwa na huruma ya mtu anayesikia msiba wa mwenzake kwa mara ya kwanza. Alimweleza habari ya hewa na oili, ngumi na kiganja, neno kwa neno. Kisha akamwekea mkono begani.

"Usijitese sana. Kila fundi ana injini moja aliyoiua. Bila hiyo hajawa fundi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Swali likamtoka kabla hajalizuia. "Na yako, baba? Ni ipi?"

Sikio alitafuta. Alisimama na chuma kilichopinda mkononi, akafumba macho, akapita kwa uaminifu katika miaka yake arobaini, gari baada ya gari, akisikiliza.

"Yangu bado," alisema, akaurudisha mkono ule wa chuma mezani na kwenda kufungua lango, kwa sababu nje mteja alikuwa anapiga honi.